Kidonge cha Dada

Vidonge vilifika Wete, Pemba, mwezi wa Julai 2017, ndani ya begi la mgeni kutoka Muscat, vimefungwa pamoja na udi, maziwa ya unga na mitandio mitatu. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa ameandika kwa kalamu juu ya boksi: "Kimoja kila siku, mdogo wangu, utanishukuru." Nilimshukuru kweli, mwaka mzima na ushei.

Nilikuwa na miaka 52. Siku zangu zilikatika mwaka uliotangulia na sikuzililia. Kilichonishinda ni moto. Ulikuwa unaanzia chini ya kifua, unapanda shingoni, unafika masikioni, na ndani ya dakika mbili tatu nimelowa kama mtu aliyeoga na nguo zake. Darasani nikiandika ubaoni, chaki inalainika mkononi. Watoto wa darasa la sita walikuwa wakitazamana, wakidhani mwalimu ana homa. Usiku nililala na kanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kubadilisha, na umeme ukikatika feni ikasimama, natoka kukaa barazani mpaka mbu wanirudishe ndani. Miezi minane sikulala usiku mzima hata mara moja. Siku moja nilimfokea mume wangu kwa sababu ya kijiko. Kijiko tu, alikiweka upande siupendi. Alinitazama, akatoka zake kwenda msikitini kabla ya wakati.

Nilikunywa uwatu, nikala habasoda na asali, nikapunguza chai. Nilikwenda kituo cha afya, nikaambiwa, "Ni umri, mwalimu. Vumilia." Basi boksi la dada lilipofika sikuuliza maswali. Alikuwa amenieleza kwa simu kwamba ni homoni, inaitwa estrojeni, ndiyo ile ambayo mwili wa mwanamke huacha kuitengeneza hedhi inapokoma, na kwamba yeye anaitumia mwaka wa tatu na hajambo kabisa. Wiki ya tatu nililala mpaka adhana ya alfajiri. Niliamka nikashika godoro, kavu. Nikasema haya ndiyo maisha.

Damu ilianza Disemba 2018. Kidogo, siku tatu, ikakatika. Januari ikarudi, siku tano. Sasa mtu aliyesoma, mwalimu mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, alifikiri nini? Nilifikiri ujana umerudi. Nilimwambia shoga yangu mmoja tukacheka sana, akaniambia niangalie nisije nikapata mimba nikawaaibisha wajukuu. Kila ilipokuja niliacha swala, kama zamani. Ramadhani ya 2019 nilikula siku sita, nikaziandika nyuma ya kalenda ili nilipe. Nilikuwa nimerudi tena kituo kile cha afya, na safari hii niliambiwa ni "mabaki ya hedhi", nikapewa antibayotiki za siku saba. Nikazimeza zote.

Kwa hiyo kila mwanamke anayenisikiliza namwambia jambo hili kabla ya mengine yote: damu ikishakoma mwaka mzima, haina haki ya kurudi. Tone moja tu, hata la rangi ya chai, linatosha kukupeleka kupimwa. Si lazima iwe saratani, na mara nyingi siyo, lakini ni dalili ya kwanza kabisa ya saratani ya kizazi kwa ndani, nayo ikikamatwa hapo hutibika. Mimi niliicheka miezi sita.

Aliyeniamsha ni mtoto wa ndugu yangu, muuguzi Unguja, aliyekuja kwa ajili ya Idi. Tulikuwa jikoni, yeye amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nikatoa kidonge changu cha asubuhi. Akaomba boksi alitazame. Akasoma mbele, akasoma nyuma, akatoa karatasi ya ndani akaisoma nayo.

"Mama mdogo, wewe bado una kizazi?"

"Kimekwenda wapi?"

"Na projesteroni unameza wakati gani?"

"Projesteroni ndiyo nini?"

Akaacha kukuna. "Na damu, haijawahi kutoka?"

Sikumjibu, na kutokujibu kwangu kukamjibu. Alinyanyuka na mikono yake ina nazi, akanikumbatia, na mimi nikaanza kulia bila ya kujua nalilia nini.

Mambo yalikuwa hivi. Dada yangu wa Muscat alifanyiwa upasuaji miaka ile, ukoo mzima tunajua. Tuliambiwa "operesheni ya tumbo". Tulimsomea dua, tukapiga simu, tukachanga. Hakuna aliyesema neno kizazi, wala yeye mwenyewe hakulisema, kwa haya. Kumbe aliondolewa kizazi chote kwa sababu ya uvimbe. Mwanamke asiye na kizazi anaweza kupewa estrojeni peke yake. Mwenye kizazi hapewi hivyo, lazima aongezewe projesteroni, homoni ya pili. Kidonge kile kile kilikuwa dawa kwake na kwangu ni hatari, na kilichotutenganisha ni neno moja ambalo familia nzima iliona vibaya kulitamka.

Wiki iliyofuata nilipanda boti kwenda Unguja. Ultrasaundi hii si ile ya kupitisha juu ya tumbo. Kifaa huingizwa ndani. Hakikuniumiza, lakini kama ningeambiwa kabla ningejitayarisha moyo. Unaruhusiwa kuomba apime mwanamke. Mimi sikujua kwamba naruhusiwa, nikakaza meno nikitazama dari. Daktari alisema ukuta wa ndani wa kizazi changu una unene wa milimita 14. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ukiwa na damu, wanataka usizidi 4. Akaniambia niache vidonge siku hiyo hiyo, na akaandika kipimo cha kinyama.

Kuhusu kipimo cha kinyama sitawadanganya. Wanaingiza mrija mwembamba mpaka ndani ya kizazi, wanavuta vipande vidogo. Nimezaa watoto wanne, na ule ulikuwa kama uchungu uliobanwa ndani ya dakika moja. Mgonjwa wa baada yangu alikuwa amemeza dawa ya maumivu saa moja kabla, alitoka anatembea. Mimi nilitoka nimeshika ukuta. Meza dawa kabla, na usiende peke yako. Majibu yalichukua wiki tatu. Nauli, kulala, ultrasaundi, kinyama na kurudi kuchukua majibu, niliyaandika yote kwenye daftari: laki tisa na elfu arobaini. Zilikuwa fedha za karafuu tulizoziweka kwa ajili ya bati la nyumba. Mume wangu hakusema kitu. Bati lilisubiri, mvua ya masika ikatunyeshea sebuleni, na bado hakusema kitu.

Majibu: ukuta umezidi kukua, lakini chembe zake hazijageuka kuelekea saratani. Daktari, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alinichorea kwenye karatasi. "Mama, estrojeni ni mvua. Inaotesha. Projesteroni ndiyo jembe la palizi. Wewe umenyeshewa karibu miaka miwili hujapalilia." Akanieleza kwamba hali kama yangu, isiyo na chembe zilizogeuka, huishia kwenye saratani kwa wanawake chini ya 5 katika kila 100 kwa muda wa miaka 20, na wengi hurudi sawa wakitibiwa. Wangekuta chembe zimeanza kugeuka, mazungumzo yangekuwa ya kuondoa kizazi. Nikapewa vidonge vya jamii ya projesteroni kwa miezi sita. Vilinivimbisha miguu kidogo na kunifanya mzito wa kuamka. Februari 2020 nikachukuliwa kinyama cha pili, safari hii nimemeza dawa ya maumivu, na majibu yakaja safi.

Baadaye nilipata habari iliyoniuma zaidi kuliko ule mrija. Kosa langu halikuwa jipya hata kidogo. Marekani walikwishalifanya kwa wanawake wengi sana: miaka ya sitini madaktari waligawa estrojeni peke yake ili mwanamke asizeeke, na mwaka 1975 watafiti wakaonyesha kwamba wanaoitumia wakiwa na kizazi wanapata saratani ya ukuta wa kizazi mara nyingi kuliko wenzao. Tangu hapo ndipo projesteroni ikaongezwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi wakati jambo hilo linajulikana. Karatasi ya ndani ya boksi ilikuwa imelieleza, kwa herufi ndogo, na mimi ni mtu wa kuwahimiza watoto wasome maagizo kabla ya kujibu maswali.

Moto ulirudi, bila shaka. Vidonge vilipokoma, kanga mbili zikarudi kitandani. Na mimi nilikuwa na hofu nyingine. Mama yangu aliteleza kisimani mwaka 2012, akavunjika nyonga, akalala miezi kumi na moja, hakunyanyuka tena. Mifupa ya mwanamke huanza kupungua kwa kasi estrojeni inapokatika. Basi nikavuka mpaka Dar es Salaam kwa daktari bingwa nikiwa na swali moja: dawa hii inaua au haiui? Kwa sababu shoga mmoja alikuwa ameniambia inaleta saratani ya titi, mwengine kiharusi, na dada anasema ni neema.

Yule daktari alicheka. Alisema swali langu halina jibu mpaka aongeze maneno: nani, umri gani, dawa ipi, kwa muda gani. Akaanza na utafiti uliotia dunia hofu, uliofanywa Marekani kwa wanawake wa miaka 50 mpaka 79. Kundi la wenye kizazi lilikuwa na wanawake 16,608. Nusu walipewa estrojeni pamoja na projestini, yaani dawa ya kutengenezwa ya jamii ya projesteroni, nusu vidonge visivyo na dawa. Ulisimamishwa Julai 2002 kabla ya wakati wake. Magazeti yakaandika, wanawake wakatupa vidonge.

"Sasa fikiria wanawake elfu kumi wamejaa uwanja wa Gombani," alisema, maana nilikuwa nimemwambia natoka Pemba. Wanatumia dawa ile mwaka mmoja. Ukiwalinganisha na elfu kumi wasiotumia, utaona saratani ya titi imeongezeka kwa 8, kiharusi 8, damu iliyoganda kwenye mapafu 8, mshtuko na matatizo ya moyo 7. Waliovunjika nyonga wamepungua 5, na saratani ya utumbo mpana imepungua 6. Nilitazama karatasi ile kwa muda. Nilikuwa nimetarajia mamia. Akaniongezea kwamba wastani wa umri wa wale wanawake ulikuwa miaka 63, wengi hedhi iliwakoma zaidi ya miaka kumi nyuma, na mishipa yao si ya mtu wa miaka 55. Anayeanza kabla ya 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, mizani yake ni nyingine. Walioanza baada ya miaka 65 ndio waliopimwa akili wakaonekana kupata maradhi ya kusahau mara mbili zaidi ya wenzao, kwa hiyo mtu asije akamwanzishia bibi wa miaka 70 ili "kumrudishia kumbukumbu".

Nikamuuliza habari ya dada. Lile kundi jengine, wanawake 10,739 walioondolewa kizazi, nusu wakapewa estrojeni tupu bila ya projestini na nusu vidonge visivyo na dawa, lilisimamishwa 2004 kwa sababu ya kiharusi. Saratani ya titi haikuongezeka kwao. Na waliofuatiliwa zaidi ya miaka 20, majibu yakatolewa 2020, waliotumia estrojeni tupu walipata saratani ya titi kidogo kuliko wasiotumia, wakati wenye dawa mbili iliendelea kuwa juu. Nilimpigia dada usiku ule ule nikamwambia aendelee kupima presha, mengine asiwe na wasiwasi.

Kuna jambo nililigundua huko huko, na kila nikilisimulia watu hawajui wacheke au wasononeke. Vidonge vya dada vilikuwa vya aina ile iliyotumika kwenye utafiti, na estrojeni yake inatokana na mkojo wa farasi majike wenye mimba. Farasi! Nilimpelekea sheikh wetu suala hilo kwa haya nyingi. Aliuliza kwanza kama ipo nyingine isiyotokana na hicho. Ipo, estradioli inayotengenezwa maabara kutokana na mimea. Akasema basi shika hiyo, na za nyuma ulikuwa hujui. Ile ya swala na saumu za miezi sita nilimwachia mwalimu wangu wa madrasa, nikalipa nilichoambiwa nilipe.

Nilianza tena mwishoni mwa 2020, kwa macho yangu mawili. Plasta ya estradioli ya kubandika kwenye nyonga, kubadilisha mara mbili kwa wiki, na kidonge cha projesteroni usiku. Kidonge kile kinalaza, kimeze ukiwa umeshatandika kitanda. Plasta nilichaguliwa kwa sababu homoni inayopita kwenye ngozi haianzii kwenye ini, na kwa hiyo haionekani kugandisha damu kama ya kumeza. Lakini waliotengeneza plasta ile hawajakaa Wete mwezi wa Februari. Pembe zinainuka kwa jasho, nyuzi za kanga zinaganda pale, na siku moja niliikuta ya kwangu imebandikana na mkeka wa kuanikia karafuu. Niligundua kwamba uioshe ngozi kwa sabuni isiyo na mafuta, ukauke vizuri, usipake mafuta ya nazi upande ule, na ukandamize kwa kiganja nusu dakika. Kuzipata pia ni kazi. Zilinunuliwa famasi moja kubwa Dar, zikaletwa kwa boti na kijana wetu, na mara mbili zilikosekana nikakaa wiki tatu bila. Kwa mwezi ilikuwa inazidi elfu themanini. Kabla hujaanza piga hesabu ya mwaka mzima, usipige ya boksi la kwanza.

Kila mwaka nilivuka kupigwa mammografia, ile picha ya matiti, na presha nilijipima nyumbani kila Jumapili nikaandika kwenye daftari lile lile la laki tisa. Hilo la presha naling'ang'ania kwa sababu ya mwalimu mwenzangu mmoja. Aliposikia nimeacha vile vidonge vya mwanzo aliniomba vilivyobaki, karibu boksi zima. Ana presha, siku ile ilikuwa 170 juu, na dawa zake humeza akikumbuka. Nikamkatalia. Alidhani ni choyo, akanuna muhula mzima. Estrojeni ya kumeza huongeza hatari ya kiharusi hata kwa mwenye presha nzuri. Yeye ningempa nini, sanda? Vidonge nilivitumbukiza chooni mbele yake, na huo nao ulikuwa upumbavu, ningevirudisha famasi.

Januari 2024 niliacha, nikiwa na miaka 58. Daktari hakunilazimisha, alisema hatari ya titi kwa dawa mbili hupanda kadiri miaka inavyoongezeka, na mimi niliona mitatu inanitosha. Nilipunguza taratibu kwa miezi miwili. Moto ulirudi wiki sita hivi, mdogo, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua, ukaondoka. Ila kinga ya mifupa nayo huondoka ukiacha, hilo sikulitegemea. Sasa natembea kwa miguu asubuhi mpaka bandarini na kurudi, nala dagaa na mifupa yao, na kisima chetu tumekitilia sakafu isiyoteleza. Bati tumeezeka.

Dada bado hajanisamehe sawasawa. Nilipomweleza yote alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nilitaka kukuua." Nimemwambia mara ngapi kwamba sivyo. Mwaka jana alikuja, akalala kwetu wiki mbili, begi lake likiwa na udi na maziwa ya unga na mitandio. Alipofungua nilimwona anatazama pembeni ya begi, pale palipokuwa pakikaa boksi, kisha akafunga zipu. Tukazungumza bei ya karafuu.